Maiki Moja, Wasikilizaji wa Aina Mbili

Filamu ya dokumentari iliyorekodiwa kwa maiki ya stereo huwafikia watu kwa njia mbili zisizofanana. Yupo anayeitazama akiwa amevaa hedifoni, sikio la kushoto likipata chake na la kulia chake. Yupo mwingine anayeitazama kwenye simu yenye spika moja, au kwenye kibanda cha video ambako spika imetundikwa juu ya televisheni na watu wote wanaisikiliza hiyo hiyo. Kwa huyu wa pili kushoto na kulia vimejumlishwa vikawa sauti moja, yaani mono. Fundi sauti anayenunua maiki ya shotigani ya stereo kwa kawaida humfikiria yule wa kwanza. Mimi naona kwamba thamani ya maiki hii inapimwa kwa namna inavyomtendea wa pili, na kwamba asiyeelewa kinachotokea kushoto na kulia vinapojumlishwa anaweza kuharibu kazi nzuri huku ameshika kifaa cha bei kubwa.

Tuanze na shotigani ya kawaida, ile ya mono. Mbele ya kapsuli yake, yaani kile kiungo kinachopokea sauti, kuna mrija mwembamba wenye matundu marefu ubavuni. Sauti inayotoka mbele husafiri sambamba na mrija, kwa hiyo sehemu inayopita ndani na ile inayoingilia matunduni hufika kwenye kapsuli kwa wakati mmoja na kuongezeana nguvu. Sauti ya pembeni huingia kwenye matundu yote kwa mpigo, lakini kutoka kila tundu hadi kwenye kapsuli umbali ni tofauti. Mawimbi hufika yakiwa yamepishana, moja linasukuma huku jingine likivuta, na mengi yanauana. Ni kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa: jasho linatoka, kamba haiendi popote.

Hapo ndipo watu wengi huishia, wakaamini kwamba shotigani inaivuta sauti ya mbali kama lenzi inavyovuta picha. Haivuti chochote. Inapunguza vya pembeni, na haipunguzi vyote kwa kiasi kimoja. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Kwa hiyo wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4, la hezi 1,000 lina sentimita 34, na la hezi 100 lina mita 3.4. Sasa chukua Sennheiser MKH 416, shotigani ambayo imezunguka dunia nzima kwenye filamu na habari: urefu wake wote, pamoja na kiwiliwili chenye saketi, ni sentimita 25. Wimbi la mita 3.4 likija kutoka ubavuni, tofauti ya sentimita chache kati ya tundu na tundu si kitu kwake. Mawimbi hufika karibu sawasawa na hayauani. Ndiyo maana lori likipita kando yako ukiwa na shotigani, ule mchakacho wa matairi hupungua lakini mngurumo wa injini unaingia bila kubisha hodi. Kwenye sauti nzito kazi ya kuchagua upande inabaki kwa kapsuli yenyewe, mrija haupo.

Matokeo yake ni kwamba kitu kilicho pembeni ya shotigani, zaidi ya kupungua, hubadilika rangi: sauti zake nyembamba hukatwa kuliko zile nzito. Nje, uwanjani au barabarani, hilo linavumilika. Ndani ya chumba chenye kuta tupu na dari ya zege ni tatizo, maana sauti ya mtu anayezungumza inagonga ukuta na kurudi kwenye maiki kupitia ubavuni, ikiwa imeshachujwa ovyo. Mafundi wazoefu wakiingia ndani huiweka shotigani kando na kutumia maiki fupi isiyo na mrija, mfano MKH 50 au Schoeps yenye kapsuli ya MK 41. Sababu hiyo hiyo inaihusu shotigani ya stereo, tena kwa uzito zaidi.

Ili kupata stereo kutoka kwenye kifaa kimoja chembamba, watengenezaji wengi wametumia wazo lililo kongwe kuliko shotigani yenyewe. Mwaka 1931 mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ambayo baadaye ilipewa namba 394,325. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe akakerwa na jinsi mwigizaji alivyokuwa upande mmoja wa skrini na sauti yake upande mwingine. Hataza hiyo ilikuwa na madai 70, na ndani yake mlikuwa na hesabu ya kubadilisha kushoto na kulia kuwa jumla na tofauti, kisha kurudisha. Mwaka 1935 yeye na wenzake walirekodi filamu fupi za majaribio, mojawapo ikiwa ya treni zikipita stesheni ya Hayes. Blumlein alikufa Juni 1942 katika ajali ya ndege akiwa kwenye majaribio ya rada, akiwa na umri wa miaka 38. Miaka ya 1950 Holger Lauridsen wa redio ya taifa ya Denmark aliiendeleza njia hiyo ya jumla na tofauti kwa matumizi ya utangazaji, na ndiyo tunayoiita hadi leo M/S.

M ni sauti ya kati: kapsuli inayotazama mbele, na kwenye shotigani ya stereo hii ndiyo yenye mrija. S ni sauti ya pembeni: kapsuli ya pili, inayosikia kushoto na kulia lakini haisikii mbele wala nyuma. Kapsuli ya S ina tabia moja muhimu. Sauti ikija kutoka kushoto huleta umeme chanya, ikija kutoka kulia huleta umeme hasi. Basi ukijumlisha M na S unapata chaneli ya kushoto, ukitoa S kutoka M unapata ya kulia. Na ukijumlisha kushoto na kulia, S inajifuta kabisa, inabaki M mara mbili.

Tuiweke kazini. Kamera imesimama kwenye kivuko cha Kigamboni, imeelekea pantoni inayokuja. Nahodha mstaafu amesimama mbele ya kamera anaeleza. Kushoto kabisa, digrii 90, bodaboda imewashwa inasubiri abiria. Kwa sauti ya mzee, tuseme M ni 1 na S ni 0. Kushoto inapata 1, kulia inapata 1, anasikika katikati, sawa kabisa. Kwa bodaboda, kwenye zile sauti nyembamba ambazo mrija unazikata vizuri, tuseme M ni 0.2 tu, lakini S inaisikia yote, 1. Kushoto inapata 1.2. Kulia inapata 0.2 kutoa 1, yaani hasi 0.8.

Angalia kilichotokea. Umenunua shotigani ili bodaboda ipungue, na mrija umefanya kazi yake, lakini S imeirudisha yote. Kwa aliyevaa hedifoni bodaboda ina nguvu zaidi ya mzee. Tena ile hasi kwenye sikio la kulia inamaanisha kwamba spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na ubongo haujui uiweke wapi sauti ya namna hiyo. Inasikika kama iko nje ya kushoto, au ndani ya kichwa, na inachosha. Yule mwenye simu ya spika moja je? Kwake 1.2 na hasi 0.8 zinajumlishwa kuwa 0.4, wakati mzee anapata 2. Bodaboda ni moja ya tano ya mzee, uwiano ule ule ambao angeupata kama ungetumia shotigani ya mono.

Huu ndio uzuri wa M/S na ndio mtego wake. Msikilizaji wa mono anapata shotigani safi, kana kwamba stereo haikuwepo. Msikilizaji wa stereo anapata upana, lakini kwa masharti: vitu vilivyo mbele vinakaa mahali pake, vilivyo pembeni sana vinageuka nje-ndani. Mpaka uko wapi? Kwa kapsuli ya aina inayotumika sana ndani ya shotigani, ikiwa S imewekwa nguvu sawa na M, mpaka huwa karibu digrii 50 kutoka mbele, na mrija unapoanza kufanya kazi kwenye sauti nyembamba unasogea ndani zaidi. Hapo ndipo kitu kimoja kinapoweza kuwa na sauti zake nzito mahali na nyembamba mahali pengine. Ukipunguza S kwa desibeli 6, mpaka wa zile sauti nzito unasogea hadi karibu digrii 80. Stereo inakuwa nyembamba kidogo, lakini ni stereo ya kweli. Mtu akiniuliza S ianzie wapi, nitamwambia ianzie chini ya M, halafu ipandishwe pale tu picha inapodai.

Wanaodhani mono ni mambo ya zamani wakumbuke kwamba redio ya FM yenyewe inarusha stereo kwa hesabu hii hii. Mfumo uliopitishwa Marekani mwaka 1961, ambao ndio ulioenea duniani, hurusha jumla ya kushoto na kulia mahali pale pale mono ilipokuwa, kisha tofauti yake inapandishwa juu ya mkondo wa hezi 38,000, na ishara ya hezi 19,000 inaijulisha redio kwamba stereo ipo. Redio ndogo ya mezani huchukua jumla peke yake. Hata redio ya gari inayojua stereo, mawimbi yakidhoofika njiani, huiachia tofauti na kubaki na jumla. Mtangazaji anayerekodi kwa M/S anakuwa amerekodi tayari kwa lugha ya mnara.

Sasa yale yanayoharibika. Maiki hizi hutumia plagi yenye pini tano: ya kwanza ni ya ardhi, ya pili na ya tatu ni za chaneli moja, ya nne na ya tano ni za chaneli nyingine. Fundi akichomelea kebo na kubadilisha pini ya nne na ya tano, chaneli moja inageuka: chanya inakuwa hasi. Kama maiki inatoa kushoto na kulia moja kwa moja, kosa hilo halionekani kwenye mita hata kidogo, mishale yote inacheza kama kawaida. Lakini mono inapotengenezwa, badala ya S kujifuta, M ndiyo inayojifuta. Mzee wetu wa kivukoni anatoweka, bodaboda inabaki. Mtu wa hedifoni anasikia kitu kisicho cha kawaida lakini maneno anayapata. Mtu wa simu anaona midomo inacheza juu ya kelele tupu.

Kosa jingine huzaliwa kwenye chumba cha uhariri. Maiki ikirekodi M na S bila kuzigeuza kuwa kushoto na kulia, faili litakuwa na chaneli mbili, na programu ya kuhariri itazipanga kama kushoto na kulia kwa kuwa haina njia ya kujua. Mhariri atasikia maneno yote sikio la kushoto, na sikio la kulia limejaa mwangwi na vurugu bila kitovu. Akiamua kuzijumlisha ili yaishe, atapata M na S pamoja, na hiyo ni maiki inayotazama kushoto. Bodaboda iliyokuwa 0.2 sasa ni 1.2, na kama upande wa kulia kuna mama muuza samaki anayetoa kauli nzuri, atakuwa amemezwa. Dawa yake ni ndogo: herufi M na S ziandikwe kwenye jina la faili na kwenye karatasi ya kumbukumbu, na fundi aseme kwa mdomo mwanzoni mwa rekodi kwamba hii ni M/S. Nimeipa nafasi hapa kwa sababu anayerekodi na anayehariri mara nyingi hawaonani.

Pamoja na hatari hiyo, mimi natetea kurekodi M na S zikiwa mbichi kila inapowezekana. Maiki nyingi za aina hii zina swichi. Audio-Technica BP4027 na ndugu yake mfupi BP4029 zinakupa M/S mbichi au kushoto na kulia kwa upana wa namna mbili. Sennheiser MKH 8018, iliyotoka mwaka 2024, nayo ina M/S na hali mbili za kushoto-kulia, pana na nyembamba. Sanken CSS-5 ya Japani ina mono, stereo ya kawaida na stereo pana. Ukichagua kushoto-kulia ndani ya maiki, umeamua upana wa stereo ukiwa umesimama juani, injini zinanguruma na hedifoni haifungi masikio vizuri. Ukirekodi M na S, uamuzi huo unafanyika baadaye kwenye chumba kilichotulia, na unaweza kubadilika picha hadi picha.

Hilo linanileta kwenye mazungumzo ya waigizaji, ambako watu hupenda kuilazimisha stereo. Mwaka 1953 studio ya Fox ilitoa The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ikiwa na njia nne za sauti za sumaku: tatu nyuma ya skrini na moja ya ukumbi. Katika filamu za mfumo huo maneno ya waigizaji yalifuata mahali walipokuwa kwenye skrini, kushoto, katikati au kulia. Mtindo huo haukudumu, na sinema ikarudi kuyaweka maneno katikati. Chanzo ni mkato. Kamera inamwonyesha mwigizaji, tuseme Asha, yuko kushoto, mkato mmoja, sasa yuko kulia kwa sababu kamera imehama upande. Jicho limezoea kuruka hivyo. Sikio halijazoea, na kila mkato unamkumbusha mtazamaji kwamba anatazama filamu. Ongeza mtu wa bumu, ile fimbo ndefu ya maiki, anayeizungusha maiki ya stereo kutoka kwa mwigizaji mmoja hadi mwingine: barabara nzima nyuma yao inazunguka pia, magari yanahama kushoto kwenda kulia ilhali kwenye picha yamesimama.

Kwa maneno, basi, M peke yake inatosha, na S inaweza kuzimwa bila kuacha alama. Kwa S weka kazi nyingine. Tukio likiisha, waombe wenzako wote wanyamaze dakika moja, maiki iwekwe kwenye stendi bila kuguswa, irekodi mahali: soko, uwanja wa mpira, bandari, msikiti mara baada ya swala watu wanapotoka. Sauti hiyo ya mahali ikilazwa chini ya maneno ya mono, mtazamaji wa hedifoni anapata nafasi ya kuingia ndani ya picha, na wa simu hapotezi neno. Kwenye mpira ni hivyo hivyo. Teke la mpira na filimbi ya refa ni za shotigani za mono zilizopangwa kando ya uwanja, mashabiki ni wa stereo, na maiki ya mashabiki isipachikwe kwenye kamera inayofuata mpira, la sivyo jukwaa zima litayumba kama jahazi.

Upepo unastahili tahadhari ya peke yake. Kapsuli ya S huhisi upepo kuliko kapsuli ya M, na ile sponji nyembamba inayokuja na maiki haisaidii ufukweni. Inatakiwa kasha refu la kukinga upepo linaloifunika maiki yote, na juu yake koti la manyoya. Ubaya ni kwamba upepo uliokamatwa na S unajifuta kwenye mono. Fundi anayesikiliza mono tu atarudi nyumbani ameridhika, kumbe faili limejaa mvumo unaopishana masikioni. Anayesikiliza stereo tu naye hatajua kama M inasimama peke yake. Swichi ya mono kwenye kinasa sauti iguswe mara kwa mara, kila hali ya hewa inapobadilika na kila maiki inapohamishwa.

Unyevu nao. Hewa ya Unguja, Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Aprili inaweza kuifanya kapsuli ya kawaida ya kondensa itoe vichakacho, maana umeme wake unavuja kupitia unyevu. Aina ya MKH huendesha kapsuli ndani ya saketi ya masafa ya redio isiyosumbuliwa sana na unyevu, na hiyo ni sababu kubwa ya kupendwa kwake katika nchi za joto. Kwa maiki nyingine, kasha lisilopitisha hewa na vifuko vya kunyonya unyevu ni lazima. Kwenye M/S kichakacho cha S huja masikioni mwote mawili kikiwa kimegeuzwa upande mmoja, na kwenye mono hakipo, kwa hiyo nacho huweza kujificha.

Kwa anayepiga harusi na mahojiano, sioni haja ya kuanza na maiki hii. Maiki nzuri ya mono na redio maiki moja ya kubandika nguoni vitamfikisha mbali zaidi kwa fedha zile zile. Shotigani ya stereo ni ya anayefanya kazi peke yake, mwenye nafasi ya maiki moja tu juu ya kamera au kwenye fimbo, na ambaye siku hiyo hiyo anahitaji maneno ya mtu na sauti ya mahali: mpiga dokumentari, mwandishi wa habari wa televisheni, mrekodi wa wanyama porini. Anayetaka mazingira tu, bila mtu wa mbele, atapata stereo tulivu zaidi kwa M isiyo na mrija, kwa sababu S na M zake zitakubaliana kwenye sauti nzito na nyembamba.

Kabla ya kurekodi chochote, simama kushoto kwa maiki, sema neno kushoto, kisha hamia kulia. Maiki ikiwa imefungwa juu chini, jambo la kawaida inaponing'inizwa kutoka kwenye stendi, S yake imegeuka na dunia nayo imegeuka: pantoni itaonekana ikiondoka kulia na injini yake itasikika kushoto. Kwenye mono hutagundua, kwa kuwa M haijali iko juu au chini. Kama umerekodi M na S, kitufe kimoja cha kugeuza S kwenye programu kinarudisha kila kitu mahali pake. Kama umerekodi kushoto na kulia, badilishanisha chaneli, na uwaeleze wote watakaolipokea faili hilo baada yako.